Mwasisi Asiyetajwa: Taasubi ya Kiume Katika Nyumba za Watawa

Mijadala yetu ya ufeministi aghalabu huisaka taasubi ya kiume katika ndoa, mahari na urithi. Nyumba ya watawa hupitwa kimya, yamkini kwa kuwa yadhaniwa kuwa mahali ambapo mwanamke ameponyoka mamlaka ya mume. Historia yaeleza vingine.

Mnamo 1298, Papa Boniface VIII aliagiza watawa wote wa kike wafungiwe ndani ya kuta za nyumba zao, nao Mtaguso wa Trento ukalikariri agizo hilo mwaka 1563. Wafransisko na Wajesuiti, wanaume hao, waliendelea kuzunguka dunia wakihubiri. Basi Mwingereza Mary Ward alipoanzisha shirika lake huko Saint-Omer mwaka 1609, akataka masista wafundishe nje ya kuta na wajitawale kwa kanuni za Wajesuiti, aligusa donda. Papa Urban VIII alilivunja shirika hilo mwaka 1631. Ward mwenyewe alishutumiwa uzushi na kufungwa mjini Munich, tena katika nyumba ya watawa! Humo aliwaandikia wenzake kwa maji ya limau, maandishi yasiyoonekana mpaka karatasi ipashwe moto.

Linalonikera zaidi ni la mwaka 1749. Papa Benedict XIV aliridhia masista hao waendelee na kazi, ila akakataza Ward asitambuliwe kuwa mwasisi wao. Shule zilitakikana, mwanamke aliyezibuni hakutakikana. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1909, miaka 160 kamili. Wala hadithi hii si ya Ulaya pekee: Masista wa Loreto, walioingia Kenya mwaka 1921, ni tawi la Ireland la shina hilohilo.

Wapo watakaosema kwamba mtawa huweka nadhiri ya utii kwa hiari yake. Naam, na Ward alitii. Lakini mtawa wa kiume humtii mwanamume mwenzake, na huenda kesho akakikalia kiti hicho. Mama mkuu, hata awe na hekima ya namna gani, ngazi za juu yake zimekaliwa na wanaume.

Januari 2025 Papa Francis alimteua Sista Simona Brambilla, mwanamke wa kwanza kuongoza idara ya Vatikani inayosimamia watawa. Hatua kubwa, hapana shaka. Hata hivyo, siku hiyohiyo aliwekewa kardinali kando yake. Je, huyo ni msaidizi, au ni mkono wa kutendea yale ambayo mwanamke hajaruhusiwa kuyatenda?