Kosa la Rosa ni Lipi?

Riwaya ya Rosa Mistika, aliyoiandika Euphrase Kezilahabi na kutolewa mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa isisomwe shuleni, ati itawaharibu vijana. Mimi naona ilipofunguliwa ndipo ilipoharibiwa yenyewe, na walioiharibu ni walimu.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikikaa nyuma ya darasa kuwakagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha. Somo liliishia pale pale kila mara: Rosa alikuwa msichana mwema, akapata uhuru asiouzoea, akawa malaya, akajiua. Wasichana, jihadharini! Wavulana walicheka tu, maana mahubiri yale hayakuwahusu.

Hebu ndugu msomaji, kitazame kitabu chenyewe. Aliyempiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana ni Zakaria, baba mlevi asiyeweza kujitawala mwenyewe. Na pale Morogoro, katika chuo cha ualimu, aliyemfanya mwanafunzi kuwa hawara ni Thomas, mkuu wa chuo. Mkuu wa chuo! Mtu wa cheo kama nilichokuwa nacho mimi. Sikumsikia hata mwanachuo mmoja akiliuliza darasa lake kuhusu tabia ya Thomas.

Lugha yetu inamjua mtenda: mwanamume hutongoza, mwanamke hutongozwa. Lakini aibu humwangukia aliyetendwa. Yeye ni malaya. Mwanamume mwenye mwenendo ule ule huitwa jogoo, tena kwa kicheko.

Wala haya hayakubaki vitabuni. Katika chuo kimoja ambacho sitakitaja niliketi kwenye kikao cha nidhamu. Mwalimu alihamishwa, mshahara ukamfuata huko alikokwenda. Msichana alifungasha virago siku ile ile, mimba tumboni. Nilipinga, nikazidiwa kwa wingi wa mikono. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ya Tanzania ilirekebishwa, kukawekwa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Vizuri. Hata hivyo wasichana waliendelea kufukuzwa, na ni Novemba 2021 tu serikali ilipowaruhusu warudi shuleni baada ya kujifungua.

Wapo wanaoniambia, “Mzee, siku hizi wasichana ndio wanaotongoza.” Na iwe hivyo. Hata akija mwenyewe usiku akabisha hodi kwa mwalimu, mkononi ana nini? Mwalimu ana alama za mtihani, ana ripoti ya mazoezi, ana umri wa baba yake. Neno lake ni moja: rudi bwenini. Akishindwa kulitamka, asije kikaoni kutueleza habari za urefu wa sketi.

Nawe mwalimu kijana utakayeifundisha riwaya hii, anza na Thomas. Waite wale wavulana wa nyuma waje mbele, wamjadili yeye kwanza.