Goma na Bukavu: Ufunguo ulale ndani

Kila mara vita inaposogea, shule na makanisa ya Goma na Bukavu hugeuka makao. Darasa moja linalaza familia nyingi, mikeka imefika mpaka mlangoni, mbabula iko karibu na magodoro. Usiku mlango unafungwa kwa kufuli sababu ya wezi, na pengine ufunguo unabaki nje kwa mlinzi.

Kuogopa wezi si kosa. Lakini moto hausubiri mlinzi aamke. Moshi unaua watu wengi kuliko miale yenyewe, na gizani asiyejua njia anazunguka palepale. Kungoja gari la zimamoto pia ni hatari: wakaaji wa Kadutu wanajua namna linavyokwama kwenye vichochoro wakati nyumba za mbao zinaungua.

Kwa hiyo kamati ya wakimbizi wa ndani na mwenye jengo wapatane mapema, na kazi hii haiombi pesa. Ufunguo ulale ndani, kwa mtu anayejulikana na wote. Njia ya mlangoni isiwekwe mizigo. Mbabula zibaki nje. Kila mzee, mgonjwa na mtoto awe na mtu wa kumtoa. Mahali pa kukutania pachaguliwe mchana, watu wahesabiwe pale, ili mama asirudi motoni kutafuta mtoto aliyekwisha kutoka.

Sufuria iliyoibiwa inaweza kununuliwa tena. Leo jioni, kabla ya kulala, kila familia iulize: ufunguo uko kwa nani?