Raia si Mteja

Ng'ombe hutoa maziwa kila asubuhi wala haulizi yanakopelekwa. Binadamu atoaye kodi kila mwaka bila ya kuuliza ilikokwenda amejishusha mwenyewe hadhi aliyopewa.

Nasema hivi kwa sababu umeenea usemi kwamba serikali sasa imo mkononi mwa kila mwenye simu. Usemi huo una kweli upande mmoja tu. Mtandao wa eCitizen ulianzishwa mwaka 2014, na kwa njia yake mkazi wa Mwiki aweza kuomba na kulipia pasipoti, leseni ya udereva au cheti cha tabia njema cha polisi. Hiyo ni nafuu kubwa, wala siikatai. Lakini tazama vema: katika hayo yote raia huomba na hulipa. Dukani nako watu huomba na hulipa. Kama uraia wetu unakoma hapo, basi sisi tu wateja, na serikali ni mwenye duka.

Wapo watakaonijibu kuwa wananchi hawanyamazi, bali hupaza sauti mitandaoni usiku na mchana. Naam, hupaza, lakini hupaza nini? Mvua ikinyesha hapa kwetu, barabara hugeuka tope na simu hujaa picha na matusi. Mwenye kutukana husahau hata kutaja ni Mwiki ipi. Maana ziko mbili: moja ni wadi ya Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, na ya pili ni wadi ya Kasarani katika Kaunti ya Nairobi. Lalamiko lisilotaja mahali, tarehe wala afisi ni barua isiyo na anwani. Nani atalaumiwa kwa kutoijibu?

Iko njia bora, na wachache huipita. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 ikaeleza namna ya kuitumia haki hiyo. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Kulipeleka hakutozwi ada. Haki ya mwombaji haipunguzwi na sababu aliyo nayo. Afisa hupewa siku 21 kujibu, na saa 48 tu ikiwa jambo lahusu uhai au uhuru wa mtu. Akinyimwa jibu, raia hupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Haki katika Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman.

Utasema, "Hawatajibu." Huenda wasijibu. Lakini kimya baada ya siku 21 ni ushahidi. Kimya baada ya matusi si kitu.

Nguvu ya kusoma kabla ya kusema tuliiona mwaka 2024. Vijana waliufungua Mswada wa Fedha katika simu zao, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakawaeleza wazee wao kwa lugha za nyumbani. Maandamano yakafuata, na watu wakapoteza maisha. Hao haifai kuwasahau. Tarehe 26 Juni Rais alikataa kuutia saini mswada ule. Simu zilikuwa zile zile za kila siku. Kilichobadilika ni kwamba wenye simu walijua walichokuwa wakikisema.

Wewe usomaye kurasa hizi darasani usijidhanie mdogo. Katiba imesema kila raia. Haikusema kila mtu mzima. Tazama barabara uliyoipita leo kuja shuleni, kisha iandikie afisi inayohusika barua fupi yenye adabu. Uliza ni fedha kiasi gani zilizotengewa barabara hiyo, ni nani aliyepewa kazi, na kazi ilipasa kwisha lini. Taja wadi na kaunti, weka tarehe na jina lako. Ipeleke kwa intaneti, uhifadhi nakala, kisha uzihesabu siku.