*TAARIFA YA TAWI: MSAMAHA WA KODI NA ILE MILIONI 4*

Matombo, Aprili 2022



Gulioni imezoeleka kusema mwenye biashara ndogo halipi kodi ya mapato. Tuelewane vizuri. Sheria inamsamehe mfanyabiashara ambaye *mauzo* yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Mauzo, faida haiulizwi. Hata kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000 kiliwekewa mpaka huohuo, hivyo ukiuvuka hakikukingi. (Ushuru wa mazao wa halmashauri ni jambo jingine, tusichanganye.)

Milioni 4 kwa mwaka ni kama 11,000 kwa siku. Mchuuzi wa ndizi anayeshusha mzigo Morogoro mjini anaifikia mapema, na humo hajatoa bei ya shambani, nauli wala mikungu iliyoivia njiani. Mwajiriwa hakatwi kodi kwa mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi, na hicho ni kipato chake hasa. Kiwango chake kilipandishwa mwaka 2020 kutoka 170,000, na sisi hatuna kinyongo. Lakini cha mchuuzi ni kilekile cha wakati vitambulisho vinaanza kugawiwa, Desemba 2018, na bei ya mafuta leo kila mtu anaiona.

Msimamo wa Katibu: kiwango cha mchuuzi kipandishwe. Bajeti inasomwa Juni, kwa hiyo hoja hii ipande kata mwezi huu ili imfikie Mbunge mapema.

Wakati tunasubiri, kuna hela tunaitupa wenyewe. Aliyeuza 4,200,000 bila kumbukumbu anatozwa 100,000. Mwenye kumbukumbu kamili anatozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 3% ya 200,000, ambayo ni *6,000*. Tofauti ni 94,000. Wapo wanaosema kuweka daftari ni kujichongea. Mimi nimesomea mahesabu na sioni hasara ya daftari hapo, naona hasara ya kukosa daftari.

Jumapili saa 9 alasiri, ofisi ya tawi: kila mwenye genge, kibanda au anayesafirisha matunda na viungo aje na daftari tupu, kalamu na risiti alizonazo. Tutapanga pamoja mauzo upande mmoja, manunuzi upande wa pili. Hakuna malipo. Wajumbe wa mashina wawapitishie taarifa wasio na simu.

Katibu wa Tawi