Kijiji Kilichosema kwa Sindano

Penye mlango wa mto Keiskamma, katika Jimbo la Rasi ya Mashariki, Afrika ya Kusini, kiko kijiji kiitwacho Hamburg. Kazi za mshahara huko ni haba, na kwa muda mrefu vijana wamekuwa wakienda mijini kuzitafuta. Mwanzoni mwa karne hii wengi wao walirudi na ugonjwa wa Ukimwi. Walizikwa na wazazi wao, na watoto wao wakalelewa na nyanya.

Mwaka 2000 Daktari Carol Hofmeyr, ambaye pia ni msanii, alianzisha huko kazi ya kutarizi ili wanawake wapate riziki. Mwaka 2005 wanawake zaidi ya 100 walishirikiana kutengeneza picha kubwa ya altare kwa vitambaa, nyuzi, shanga na waya. Kielelezo chao kilikuwa picha ya Isenheim, iliyochorwa na Matthias Grünewald katika karne ya 16 kwa ajili ya watawa waliouguza wagonjwa.

Hata hivyo hawakuiga tu. Mahali pa Kristo msalabani walimweka mjane aliyevaa nguo za msiba, na mayatima kando yake. Milango ya picha ifunguliwapo, huonekana kijiji chenye furaha na matumaini. Ifunguliwapo tena, hutokea nyanya watatu pamoja na wajukuu wao, katika picha za kamera zenye kimo cha mtu.

Kazi hiyo ilionyeshwa kwanza katika mji wa Grahamstown, ambao tangu 2018 huitwa Makhanda. Mwaka 2006 ilifika Toronto, Kanada. Hivyo watu wa mijini walisimama mbele ya msiba wa wanakijiji ambao hawakupata kuwaona.

Karani aliye mjini na mkulima aliye shambani ni watu wa nyumba moja. Huyu hupeleka fedha mwisho wa mwezi, na yule hujibu kwamba wote ni wazima, hata kama sivyo. Naye wa mjini akiugua, huficha vivyo hivyo. Lakini wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Wanawake wa Hamburg hawakuficha. Jambo lililokuwa aibu ya kila nyumba peke yake walilishona pamoja mbele ya watu wote, na kwa kazi hiyo hiyo wakapata chakula cha watoto.