MOSHI WA KIWANDA UTAANGUKIA ZIWANI

Migodi ya Geita, Bulyanhulu na North Mara hupasua miamba kwa baruti inayotokana na chumvi iitwayo amonia naitreti, na wakulima wetu huinunua chumvi hiyo hiyo ndani ya mbolea ya CAN. Wako wenzetu wanaouliza kwa nini tusijenge kiwanda chake huku Kanda ya Ziwa. Mimi naunga mkono. Lakini kabla eneo halijapimwa, tuzungumze habari za dohani.

Kiwanda cha Mbolea cha Tanga, kilichoanza mwaka 1972 na kufungwa 1991, kilitengeneza salfeti ya amonia, ambayo haihitaji asidi ya naitriki. Naitreti inaihitaji: tani moja hula karibu kilo 790 za asidi hiyo. Ili kuipata, amonia huunguzwa juu ya wavu wa platini kwenye joto la nyuzi 900 hivi, kisha gesi inayotoka hupitishwa kwenye minara ya maji ili inyonywe. Isiyonyonywa hutoka nje. Hizo ndizo oksidi za naitrojeni, moshi wenye rangi ya kahawia unaowasha kifua, na mvua ikinyesha hushuka nao ukiwa asidi.

Sasa ndugu wasomaji tulitazame ziwa letu. Zaidi ya robo tatu ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, na njia ya kutoka ni moja tu, Mto Nile kule Jinja. Kinachopanda hewani hapa kinaweza kutuangukia wenyewe. Tena naitrojeni ni mbolea, nayo hairutubishi mahindi peke yake. Wavuvi walioona magugu maji yakifunga mialo miaka ya 1990 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Dawa yake ipo. Minara ikiongezwa ukubwa na maji yake yakapozwa vizuri, gesi nyingi zaidi hugeuka asidi, yaani mali iliyokuwa ikipotelea angani inaingia gunia. Mabaki huchanganywa na amonia kidogo na kupitishwa kwenye kichocheo, yakatoka naitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Viwanda vya zamani vilitoa sehemu 1,000 na zaidi za oksidi hizo katika kila milioni ya hewa ya dohani. Kwa mtambo huu hushuka chini ya 100. Wala tusiambiwe kuwa mambo haya ni ya Ulaya tu. Huko Sasolburg, Afrika Kusini, viwanda vya asidi hii viliwekewa kichocheo cha kupunguza gesi nyingine ya dohani hilo hilo, oksidi ya nitrasi, inayoongeza joto la dunia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi wa namna hii ufanyiwe tathmini kwanza. Naomba wahusika waisome tathmini hiyo kwa Kiswahili mbele ya wananchi wa mwaloni, na kiwango cha dohani kiandikwe ndani ya kibali kwa tarakimu, si kwa maneno “kitazingatia mazingira”. Kipimo kifungwe juu ya dohani siku ya kuwasha mitambo, na matokeo yake yabandikwe kila mwezi kwenye ofisi ya kata. Mwenye mtaji akisema gharama hiyo ni kubwa, aulizwe ni nani basi anayemtarajia ailipe.

Mwananchi,
Nyamagana, Mwanza.