Usijiite "Rafiki wa Mazingira" Kabla Hujasoma Hii: Somo Kutoka Treni za Uholanzi



Siku hizi ukipita kwenye kurasa za wauzaji mtandaoni utakutana na maneno haya: "bidhaa asilia", "rafiki wa mazingira", "tunarudisha kwa jamii". Maneno mazuri, yanavutia macho. Lakini hebu uliza swali moja tu, "asilia kivipi?", uone majibu. Kimya. Au unatumiwa picha ya jani la kijani, basi.

Leo tujifunze kwa mtu mkubwa. Uholanzi kuna kampuni ya treni za abiria inaitwa Nederlandse Spoorwegen, watu wanaifupisha NS. Ni kampuni ya serikali kwa hisa zote. Najua kuna mtu atasema, "Mimi nauza madera na viatu, treni za Ulaya zinanihusu nini?" Vumilia kidogo ndugu yangu.

Msimamo wangu ni huu: kuwajibika kwa mazingira na kwa jamii si pambo la tangazo. Ni deni. Ukitamka, unadaiwa. Na nimeichagua NS kwa sababu kuna deni imelilipa vizuri, kuna lingine imelilipa baada ya kuchelewa mno, na kuna mahali ilichekwa na nchi nzima. Mfano wa namna hiyo una mafunzo kuliko wa kampuni inayojisifu tu.

1. DAI LENYE DAFTARI

Kuanzia tarehe 1 Januari 2017, NS ilisema treni zake zote za umeme zilikuwa zinakwenda kwa nguvu ya upepo. Awali lengo lilikuwa kufika huko mwaka 2018, wakawahi mwaka mmoja. Umeme unaotumika ni takriban kilowati-saa bilioni 1.2 kwa mwaka. Si mchezo.

Sasa mtu makini atauliza: umeme wa upepo unajuaje uingie kwenye treni na si kwenye friji ya jirani? Haujui. Umeme wote, wa upepo na wa gesi, unaingia kwenye gridi moja na kuchanganyika. Ni kama kikoba. Mnaweka hela kwenye sanduku moja, na siku ya kukopa hakuna anayejua noti hii ilikuwa ya nani. Kinachojulikana ni daftari: nani aliweka kiasi gani, nani alichukua kiasi gani.

Ndivyo walivyofanya. Mwaka 2014 kampuni za reli za Uholanzi, NS ikiwemo, zilisaini mkataba na kampuni ya umeme ya Eneco. Makubaliano yalikuwa kwamba kiasi cha umeme ambacho treni zinakula kwa mwaka, kiasi hicho kizalishwe na mitambo ya upepo. Na kuna jambo hapo ambalo wengi hawalioni: mkataba ulielekezwa kwenye mashamba ya upepo mapya, ya Uholanzi na ya nchi nyingine kama Ubelgiji na Finland.

Kwa nini mapya? Kwa sababu ukinunua umeme wa mtambo ambao tayari ulikuwepo, umechukua tu fungu la mwenzako. Wewe unajiita msafi, yeye anabaki na gesi, na hewa iko vilevile. Ila mkataba wako ukisaidia mtambo mpya ujengwe, hapo kuna kitu kimeongezeka duniani.

Hata sisi Tanzania treni ya umeme ya TRC ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, Julai ikafika Dodoma. Ni jambo la kujivunia. Lakini swali la "umeme huu unatoka wapi?" linatuhusu na sisi pia. Treni ya umeme ni safi kwa kadiri ya chanzo cha umeme wake.

Rudi kwenye biashara yako. Umeandika "sabuni asilia". Daftari lako liko wapi? Mafuta ulinunua kwa nani? Kilichomo ni nini na nini? Kama umenunua dukani kwa jumla ukabandika lebo yako tu, hujui hata kilichomo, basi usiandike asilia. Andika "sabuni ya mkaa, 100g". Mteja atanunua, na hutadaiwa usichoweza kulipa. Na kwa wanaouza vipodozi hili si suala la mvuto tu, ni ngozi ya mtoto wa mtu.

2. SAFARI YA MTEJA HAIISHII STESHENI

Kampuni ya treni ingeweza kusema: kazi yetu ni kukutoa stesheni hii kukupeleka stesheni ile, huko mbele utajua mwenyewe. Lakini abiria hakai stesheni. Anakaa kilomita tatu kutoka hapo. Kama hana namna ya kufika, kesho anapanda gari lake toka nyumbani na treni inamkosa.

NS ikawa na baiskeli za kukodi stesheni, zinaitwa OV-fiets, za rangi ya bluu na njano. Unashuka kwenye treni, unachukua baiskeli, unamalizia safari. Mwaka 2019 zilikodishwa zaidi ya mara milioni 5. Mwaka huohuo pale stesheni ya Utrecht likakamilika eneo la kuegesha baiskeli 12,500, kazi waliyoifanya pamoja na manispaa na wasimamizi wa njia za reli. Saa 24 za kwanza ni bure.

Angalia ujanja wake. Hakuna aliyehubiriwa "okoa dunia, acha gari". Waliangalia mteja anakwama wapi, wakarekebisha hapo. Mazingira yakafaidika, na kampuni ikapata abiria.

Sisi je? Muuzaji wa mtandaoni anatuma bodaboda Mbezi asubuhi, Mbezi tena mchana, jioni tena Mbezi. Mafuta yanaungua mara tatu, na mteja analipia usafiri kila mara. Ukitangaza "Mbezi na Kimara ni Jumanne na Ijumaa, ukisubiri siku hizo usafiri unapungua bei", utaona wengi wanasubiri. Umepunguza moshi bila kuandika neno moshi. Mwenye haraka atalipia haraka yake, ni haki yake.

3. UWAJIBIKAJI UNAANZIA CHOONI

Hapa ndipo walipochekwa. NS ilinunua treni mpya za masafa mafupi zinazoitwa Sprinter, zikaja bila vyoo. Hesabu ya ofisini ilikuwa sahihi: safari fupi, nafasi zaidi ya abiria, gharama ndogo. Lakini binadamu si hesabu ya ofisini. Mzee, mjamzito, mwenye kisukari, mama mwenye mtoto, hawa safari ya nusu saa tu inaweza kuwa mateso.

Malalamiko yakawa mengi mpaka bungeni. Mwaka 2011 kampuni ikaleta suluhisho: mifuko ya kukojolea kwa dharura, itumike treni ikikwama njiani. Jamani! Unaweza kufikiria utani uliofuata. Mwishowe treni zile zikawekwa vyoo, wakati tayari ziko kazini, kazi ambayo ingekuwa rahisi zaidi kama ingefanywa mwanzoni kiwandani.

Maoni yangu: huwezi kujisifu kwa kuisaidia jamii wakati mteja wako mwenyewe anateseka. Mteja ndiye jamii ya kwanza. Muuzaji anayepiga picha anagawa unga kwa yatima, halafu hajibu meseji ya mtu aliyelipa viatu wiki mbili zilizopita, huyo ana mfuko wa kukojolea, choo hana. Rudisha kwanza hela ya watu. Yatima watafuata, na watapata kitu chenye baraka.

4. DENI LA ZAMANI

Hili ndilo zito, na ndilo lililonifanya niandike.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Ujerumani ya Hitler iliikalia Uholanzi. Kuanzia mwaka 1942 Wayahudi walikusanywa na kupelekwa kwenye kambi ya Westerbork, na kutoka hapo wakasafirishwa kwenda kambi za mauaji kama Auschwitz na Sobibor. Pamoja nao walikuwepo Wasinti na Waroma. Jumla ni zaidi ya watu 100,000, na wengi mno hawakurudi. Treni zilizowabeba ndani ya Uholanzi mpaka mpakani ziliendeshwa na NS, kwa amri ya Wajerumani. Na kampuni ililipwa kwa kazi hiyo.

Miaka ikapita. Mwaka 2005 NS iliomba radhi hadharani. Wengi wangesema yameisha hapo. Lakini kulikuwa na mzee mmoja, Salo Muller, aliyewahi kuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa timu ya Ajax. Wazazi wake walichukuliwa alipokuwa mtoto mdogo, wakauawa Auschwitz. Yeye akasema radhi peke yake haitoshi. Akaibana kampuni kwa miaka.

Mwaka 2018 NS ikakubali kulipa fidia ya mtu mmoja mmoja, bila kufikishana mahakamani. Ikaundwa kamati chini ya Job Cohen, aliyewahi kuwa meya wa Amsterdam. Mwaka 2019 kamati ikapendekeza: manusura alipwe euro 15,000, wajane na watoto wa waliofariki walipwe kati ya 5,000 na 7,500. Kampuni ikakubali. Mwaka uliofuata ikaongeza euro milioni 5 kwa ajili ya maeneo ya kumbukumbu, kwa sababu familia nyingine hazikubaki na mtu hata mmoja wa kudai.

Wapo waliouliza: waliofanya yale si walishakufa? Wafanyakazi wa leo wana kosa gani? Hoja ina uzito. Lakini mimi nasema hivi: ukirithi duka, unarithi na daftari la madeni. Huwezi kufaidi jina lililojengwa kwa miaka mia, halafu ukasema mabaya ya jina hilohilo si yangu. Jina ni mali, na kila mali ina gharama zake.

Na tuseme ukweli, walichelewa. Kutoka mwisho wa vita mpaka fidia ni zaidi ya miaka 70. Waliostahili kulipwa wengi walikuwa wameshazikwa. Hakuna euro inayofuta hilo. Ndiyo maana naliona kama somo la kuwahi, si la kupiga makofi tu.

Kwa kipimo chetu kidogo, sisi nasi tunarithi majina. Unanunua ukurasa wenye wafuasi elfu kumi kwa mtu aliyeacha biashara. Kesho anakuja mteja: "Huu ukurasa ulinidhulumu elfu arobaini mwaka jana." Wengi wanajibu "mimi mmiliki mpya" na kumzuia asiwafikie tena. Kisheria huenda huna kosa. Lakini wafuasi wake umewachukua, na sifa zake kwenye maoni ya zamani umeziacha zibaki. Basi msikilize mtu. Omba ushahidi wa malipo, mtafute mwenye ukurasa wa kwanza, mpe hata punguzo la maana. Watu wanaona.

"LAKINI SISI NI WADOGO"

Nalijua jibu hili. "Wao wana mabilioni, mimi mtaji laki mbili." Ni kweli, na sikuambii ujenge mtambo wa upepo. Ila angalia tena mambo manne niliyoyataja: kusema kweli yenye ushahidi, kumfikiria mteja mpaka mlangoni, kumtunza mteja kabla ya picha za misaada, kulipa madeni ya jina lako. Lipi kati ya hayo linahitaji mabilioni? Hata mifuko ya plastiki, Tanzania iliipiga marufuku tangu 1 Juni 2019. Kuacha kuitumia ni kutii sheria tu, usijitangaze nayo kama hisani.

Tena NS yenyewe hadi leo abiria wake wanalalamikia bei za tiketi na msongamano. Upepo haujawafutia hilo. Sifa ya jambo moja hailipi deni la jambo lingine.

FANYA HAYA WIKI HII

• Pitia profaili yako. Kila neno la sifa, jiulize: nikiulizwa ushahidi, ninao? Kama huna, lifute.
• Panga siku za kupeleka mizigo kwa maeneo.
• Tafuta meseji za zamani ambazo hukujibu za watu waliolipa. Anza na ya zamani kuliko zote.
• Boksi na mifuko iliyokuja na mzigo wako, kama ni mizima na misafi, itumie tena kufungia. Mwambie mteja wazi kwamba imetumika mara ya pili.

Swali langu kwako: ukinunua ukurasa au duka la mtu, madeni yake kwa wateja ni yako au si yako? Mimi nimeshasema upande wangu. Andika wako hapo chini, tubishane kwa heshima.